Tairi Kwanza, Kushusha Baadaye

Mtu akinunua Volkswagen Beetle ya zamani na kutaka ikae chini, karibu kila mara ataanza na kuishusha. Fundi atafungua, atageuza, atachomelea, gari litalala chini na picha zitapigwa. Baada ya hapo zitatafutwa rimu za kupendeza, na mwisho kabisa tairi, yoyote ile itakayokubali rimu hizo na kupatikana dukani. Matokeo yake mafundi wanayajua: tairi ya mbele inasugua madigadi kila ukikata kona, ya nyuma ikipata pancha haitoki mpaka madigadi ifunguliwe, na mita ya mwendo haisemi kweli tena.

Mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Kwenye gari la zamani lililoshushwa, tairi ndiyo inayotakiwa kuamuliwa kwanza, rimu ya pili, na kimo cha gari cha mwisho. Sababu ni ya kifundi kabla haijawa ya ladha. Kimo cha Beetle kinarekebishika kwa hatua ndogo sana, wakati tairi inauzwa kwa saizi zilizopangwa kiwandani, na rimu ikishanunuliwa haibadiliki upana wala ofseti. Kinachorekebishika kisubiri kisichorekebishika.

Nimeichukua Beetle kwa makusudi. Yalitengenezwa magari 21,529,464 ya aina hii hadi la mwisho lilipotoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003, kwa hiyo yaliyobaki ni mengi, spea zake bado zinatengenezwa, na kila namna ya kulishusha imeshajaribiwa na mtu. Afrika Mashariki inalijua kwa sifa nyingine. Lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na tena 1962, enzi ambazo njia zilikuwa tope na mawe. Lilisaidiwa na injini iliyokaa juu ya magurudumu yanayosukuma, sakafu iliyo bapa, na tairi nyembamba, ndefu, za inchi 15, zilizoliweka tumbo kiasi cha milimita 150 kutoka ardhini. Anayelishusha anapunguza kimoja katika hivyo vitatu. Gari ni lake na haki anayo, ila ajue anachokipunguza.

Kushusha Beetle kulipata sura yake kusini mwa California mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana waliokuwa wakishindana mbio za robo maili walishusha mbele, wakaacha nyuma juu kidogo, wakafunga tairi nyembamba mbele na nene nyuma kunakosukuma. Tairi ya 135 mbele na ya 165 nyuma ikawa kama sare. Wajerumani walikuja baadaye na mtindo wao: gari chini pande zote nne, rimu za Porsche za inchi 16 au 17, breki kubwa na tairi pana za kukamata kona. Halafu wako wanaotaka bodi ikaribie kugusa lami, basi. Yote matatu yanaitwa kushusha, lakini kila mtindo unadai tairi yake. Anayeiga picha mbili kwa pamoja, mbele ya huyu na nyuma ya yule, hupata gari lisilokata kona vizuri wala lisilokwenda mbio.

Tuanze na namba zilizo ubavuni mwa tairi, maana hesabu yote iliyobaki inasimama hapo. Beetle za zamani zilitoka kiwandani na tairi ya 5.60-15: upana wa inchi 5.6 kwenye rimu ya kipenyo cha inchi 15. Zilipokuja radiali zikaandikwa 155R15 au 165R15 bila uwiano wa ubavu, na hapo ilieleweka kwamba kimo cha ubavu ni kama asilimia 80 ya upana. Leo ile ile huandikwa 165/80R15. Kupata kipenyo chake, zidisha 165 kwa 0.80, unapata milimita 132 za ubavu mmoja. Mara mbili ni 264. Ongeza inchi 15 za rimu, ambazo ni milimita 381. Jumla 645. Hiyo ndiyo namba ya kuandika ukutani gereji, kwa sababu madigadi, gia na mita ya mwendo vyote vilipimwa kwa tairi ya kimo hicho au inayokaribiana nacho.

Sasa linganisha. Tairi ya 135/80R15, ile ya sare ya California, ni milimita 597. Tairi ya 195/65R15, ambayo saloon nyingi za Kijapani zinaivaa na ambayo hutaikosa Kariakoo wala Kirinyaga Road, ni 634.5, yaani iko karibu sana na ya asili ingawa inaonekana nene kuliko hiyo. Ya 185/65R15 ni 621.5. Ya 165/65R15 ni 595.5. Na 145/65R15, iliyotengenezewa kigari kidogo cha Smart kisha ikapendwa na wenye Beetle za chini, ni 569.5 tu.

Angalia tofauti ya mwisho. Kutoka 645 hadi 569.5 ni milimita 75.5 za kipenyo, na kwa kuwa gari linakalia nusu ya kipenyo, tumbo linashuka karibu milimita 38. Hujagusa springi, hujachomelea kitu, pembe za magurudumu ziko vile vile kiwanda kilivyoziacha, na tayari gari limetoka milimita 150 hadi 112. Kwa maneno mengine, tairi ni kifaa cha kushushia, tena kile kisichoharibu chochote. Mwenye haraka aliyeanza na fundi akashusha mbele milimita 60, kisha akafunga tairi hiyo, anabaki na 52. Sentimita tano na kidogo. Tuta la kawaida la mtaani linamsubiri.

Mbona basi watu hawaanzi na tairi? Kwa sababu ya jicho. Jicho halipimi umbali wa sakafu na lami. Linapima pengo kati ya juu ya tairi na ukingo wa madigadi. Ukifunga tairi fupi, gari linashuka kweli, lakini pengo linapanuka, na gari linaonekana kama limeinuka. Mwenye gari anaudhika, anarudi kwa fundi, anashusha zaidi ili kuziba pengo alilolisababisha mwenyewe. Kinyume chake pia ni kweli, nacho ni cha thamani kwa barabara zetu: tairi ndefu kidogo hujaza madigadi, na gari huonekana chini bila kuwa chini kwelikweli. Ndiyo maana nyuma ya Beetle mimi siungi mkono tairi fupi hata kidogo. Madigadi ya nyuma ni kubwa na inafunika sehemu ya gurudumu. Tairi ya 620 hadi 645 inaijaza, na hakuna mpita njia atakayekuuliza kwa nini hujashusha zaidi.

Mbele na nyuma, kwa hiyo, ni maswali mawili tofauti. Duka la tairi litakuambia ununue nne zinazofanana, na kwa gari la kisasa ni ushauri mzuri. Kwa Beetle iliyoshushwa haufai kila mara.

Mbele nafasi ndiyo inayoamua. Gurudumu linapanda ndani ya madigadi gari likikanyaga tuta, na wakati huo huo linaweza kuwa limekatwa hadi mwisho wa steringi. Mahali pabaya ni pale mambo mawili yanapokutana: kona kali juu ya tuta, kama kuingia geti la nyumbani. Tairi inayozunguka bila kugusa gari likiwa limesimama si ushahidi wa chochote.

Inasaidia kujua gari lilishushwa kwa njia gani. Beetle nyingi zina bimu ya mbele yenye mirija miwili iliyobeba fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi za kuzunguka. Kuna wanaochomelea virekebishi katikati ya mirija hiyo ili kimo kibadilishwe kwa kulegeza boliti, na wako wanaobadilisha spindeli kuweka zile zilizoinuliwa, ambazo hushusha gari kiasi cha inchi mbili na nusu bila kuvuruga mkao wa fimbo. Spindeli ni njia safi kwa upande wa starehe, kwani safari ya springi inabaki ile ile. Kasoro yake ni kwamba seti nyingi, hasa zinazokuja pamoja na breki za diski, husukuma kila gurudumu nje, wakati mwingine zaidi ya sentimita moja. Sentimita hiyo ndiyo inayokutanisha tairi na ukingo wa madigadi. Dawa yake ni tairi nyembamba, au rimu yenye ofseti kubwa zaidi, au bimu iliyopunguzwa upana. Mwenye modeli ya 1302 au 1303, zilizoanza kutoka Agosti 1970, hana bimu. Ana springi za kuzunguka zinazosimama juu ya gurudumu kwa upande wa ndani, na kwake tairi pana huanza kugusa ndani kabla ya nje.

Ukishusha mbele kuliko nyuma, pua ikainama, pembe inayoufanya usukani ujinyooshe wenyewe baada ya kona inapungua. Gari linaanza kuyumba kwenye mwendo, hasa upepo ukivuma kwa ubavuni. Mafundi wa Beetle huweka vipande vyembamba vya chuma nyuma ya mrija wa chini wa bimu kuirudisha pembe hiyo. Wengi hulaumu tairi kwa kosa hili, wakabadilisha tairi nzuri bure.

Kisha kuna mita ya mwendo. Kwenye Beetle waya wake hautoki kwenye giaboksi kama magari mengine. Unapita katikati ya spindeli ya gurudumu moja la mbele, ncha yake inachomoza kwenye kifuniko cha beringi na kushikwa na kipini kidogo. Tairi ya mbele ndiyo inayouzungusha. Ukiwa na 145/65R15 mbele badala ya 165/80R15, gawa 645 kwa 569.5: mita itaonyesha 113 wakati unakwenda 100. Trafiki hatakukamata kwa hilo, lakini kilomita unazozihesabia kumwaga oili zitakuwa za uongo kwa asilimia 13, na anayepima unywaji wa mafuta atajisifu kwa namba zisizo zake. Tairi za nyuma haziigusi mita kabisa, zinagusa gia. Tairi fupi nyuma maana yake injini inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, na injini ya Beetle, inayopozwa kwa hewa, haina haja ya kelele na joto la ziada kwenye safari ya Morogoro.

Nyuma kuna mzigo. Beetle tupu ina uzito wa kati ya kilo 750 na 900 kutegemea mwaka na modeli, na kama asilimia 60 ya uzito huo iko nyuma. Ikijaa watu na mizigo inafika kilo 1,200 hivi. Nyuma inabeba kama 720, kila tairi 360. Ubavuni mwa tairi, baada ya saizi, kuna namba ya uwezo wa mzigo. Ile 145/65R15 huandikwa 72, yaani kilo 355. Kwa mbele inatosha na kubaki. Kwa nyuma haitoshi ukibeba familia, na hapo hakuna mjadala wa mtindo. Tairi ya 165/80R15 yenye 87 hubeba kilo 545, na 195/65R15 yenye 91 hubeba 615. Soma namba hiyo kabla ya kusoma bei.

Nyuma pia kuna ekseli. Beetle nyingi, pamoja na za bei nafuu zilizoendelea hadi mwisho kabisa, zina ekseli za kubembea: kila upande umeungwa kwenye giaboksi tu, na gurudumu linafuata mlalo wa ekseli. Gari likishuka, juu ya gurudumu kunalalia ndani. Hiyo hukupa nafasi zaidi kwenye ukingo wa madigadi, na ndiyo sababu utaona Beetle ya chini imevaa tairi pana isiyogusa. Malipo yake ni ukingo wa ndani wa tairi unaoliwa haraka huku wa nje ukiwa na kashata zake zote. Anayekagua tairi kwa kusimama kando ya gari hataona kitu. Lazima uiname, upitishe kidole upande wa ndani. Modeli zenye ekseli za viungo viwili kila upande, kama 1302 na 1303, hazilali hivyo sana, kwa hiyo hazili tairi upande mmoja, lakini vile vile hazikupi ile nafasi ya bure kwenye ukingo.

Sasa pancha. Kwenye Beetle ya kawaida ukiinua bodi kwa jeki, gurudumu la nyuma linaning'inia na kutoka chini ya madigadi kwa urahisi. Kwenye iliyoshushwa, fimbo za nyuma zikishageuzwa ili zibebe gari chini, gurudumu haliteremki kama zamani. Linabaki limejificha, na tairi pana haipiti. Bahati nzuri madigadi za Beetle zinafungwa kwa boliti, si kuchomelewa, lakini nani anataka kufungua madigadi saa mbili usiku Chalinze? Kabla ya kukubali upana wowote wa nyuma, inua gari na ulitoe gurudumu lenyewe kwa jeki utakayosafiri nayo. Likigoma gereji, barabarani litagoma zaidi.

Rimu inakuja baada ya tairi kwa sababu kila tairi ina mipaka ya upana wa rimu inayoikubali. Tairi ya 195/65R15 inataka rimu ya inchi 5.5 hadi 7. Rimu ya kiwandani ya Beetle ni ya inchi 4 au 4.5, na watu huilazimisha humo kila siku; tairi inabanwa miguu, inavimba tumbo, na kashata zinakanyaga kwa katikati tu. Kinyume chake ni wale wanaovuta tairi nyembamba juu ya rimu pana mpaka ubavu unalala. Inapendeza kwenye picha. Ukingo wa rimu unabaki bila ulinzi, shimo moja linaukunja, na tairi isiyokaa vizuri inaweza kutoka kwenye rimu upepo ukipungua. Mtindo huo siushauri kwa gari linalotembea.

Ofseti ndiyo watu wanayoikimbia zaidi, nayo ni hesabu ya darasa la sita. Ni umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaolalia kwenye dramu. Imechorwa nyuma ya rimu baada ya herufi ET. Tuseme, kwa mfano tu, rimu yako ni ya inchi 4.5 yenye ofseti 35, na unayoitaka ni ya 5.5 yenye ofseti 25. Nusu ya 4.5 ni milimita 57. Toa 35, rimu inatoka nje milimita 22. Jumlisha 35, inaingia ndani 92. Nusu ya 5.5 ni milimita 70. Toa 25, inatoka nje 45. Jumlisha, inaingia ndani 95. Kwa hiyo rimu mpya imesogea nje milimita 23 na ndani 3 tu. Muuzaji aliyesema "bosi, ni inchi moja tu imeongezeka" hakudanganya, lakini karibu inchi yote imekwenda upande mmoja, upande wa madigadi.

Namna ya kupima nafasi haihitaji mashine. Gari likae kwenye kimo unachokitaka, juu ya sakafu iliyonyooka, kisha inua, toa gurudumu, na uiegemeze ekseli kwa jeki ya pili mpaka irudi pale ilipokuwa gari likiwa chini. Weka rula ndefu ya chuma kwenye uso wa dramu, isimame wima. Kutoka hapo pima hadi ukingo wa madigadi kwa nje, na hadi kitu cha karibu zaidi kwa ndani, iwe shokapu au bamba la fimbo. Kisha inua ekseli kwa jeki sentimita tano zaidi, kama gari limekanyaga tuta, upime tena, maana vipimo hubadilika na vya pili ndivyo vya kuamini. Tairi ni pana kuliko rimu yake, kwa hiyo tumia upana wa tairi, na uache milimita kumi za usalama kila upande. Mbele fanya vivyo hivyo usukani ukiwa umekatwa kulia hadi mwisho, halafu kushoto.

Matundu ya boliti nayo yanachagua. Beetle za zamani zina boliti tano kwenye duara la milimita 205, duara kubwa ambalo karibu hakuna rimu ya leo inayolingana nalo. Kati ya 1966 na 1968, kutegemea modeli, zilihamia boliti nne kwenye milimita 130. Rimu za Fuchs za Porsche, ambazo kila mwenye Beetle anaziota, ni tano kwa 130, na rimu za spoti za magari madogo ya Kijapani zilizojaa mitaani ni nne kwa 100. Kuziunganisha kunahitaji adapta, na adapta ina unene. Ya milimita 25 inaigeuza rimu ya ofseti 45 kuwa kama ya 20. Wakati mwingine hiyo ndiyo dawa, kwa kuwa rimu za kisasa zina ofseti kubwa mno kwa Beetle. Wakati mwingine ndiyo inayoitoa tairi nje ya madigadi. Iingize kwenye hesabu kabla hujalipa. Boliti za Volkswagen zina kichwa cha duara kama tufe, rimu nyingi za kununua zina kikalio cha koni. Zikichanganywa zinashika kwa mstari mwembamba tu na kulegea barabarani. Na ukiweka spesa yoyote, boliti ziwe ndefu zaidi: kwa boliti ya milimita 14 uzi uingie milimita 14, mizunguko tisa hivi. Ikishika kwa mizunguko minne, usilitoe gari getini.

Rimu ya asili iliyopakwa rangi upya ina mtego wake. Zile za zamani hazina kile kinundu cha ndani kinachoizuia tairi isiteleze kutoka mahali pake. Zenye nacho zina herufi H kwenye chapa. Isiyo na H iwekewe tairi yenye tyubu, tena tyubu ya radiali ya saizi ile ile, au iachwe kwa maonyesho.

Upepo unaharibiwa na wema wa fundi wa pembeni mwa barabara. Kitabu cha Beetle ya radiali kinataka paundi 18 mbele na 27 nyuma. Fundi atajaza 35 zote nne kama anavyojaza gari lolote, na gari litaruka kila kokoto, mwenye gari akidhani springi zimekwisha. Ukibadilisha saizi, namba za kitabu hazifuatwi moja kwa moja, kwa kuwa tairi fupi ina hewa kidogo na inahitaji shinikizo kubwa zaidi kubeba mzigo ule ule. Lakini uwiano ubaki: mbele pungufu kuliko nyuma, daima.

Neno juu ya upatikanaji, maana hapa ndipo mipango mizuri inapofia. Tairi za 135/80R15 na 145/65R15 huagizwa; ukipasua moja Dodoma, hakuna duka la kona litakaloiokoa safari. Za 185/65 na 195/65 ziko kila mji. Za mtumba kutoka Japani zina bei nzuri na kashata nene, ila tazama tarakimu nne za mwisho kwenye mlolongo wa DOT: 2313 ni wiki ya 23 ya mwaka 2013. Gari la kale hutembea kidogo, na tairi zake huzeeka kabla ya kuwa kipara. Watengenezaji wengi wanashauri isizidi miaka kumi hata ikiwa inang'aa.

Hesabu hizi zinafaa pia kwa Mercedes W123 ya boliti tano kwa 112, kwa Peugeot 504 ya nne kwa 140, hata kwa Mini yenye tairi za inchi 10. Namba zinabadilika, mpangilio unabaki.

Tukirudi kwenye kimo: fimbo za nyuma za Beetle zina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Jino moja la ndani ni nyuzi 9, la nje ni nyuzi 8 na dakika 10. Ukisogeza la ndani mbele na la nje nyuma, unabaki na dakika 50 tu, chini ya nyuzi moja, ambayo kwenye gurudumu ni karibu milimita 6. Fundi anayeshusha kwa kuruka jino zima la nje anashusha sentimita 6 kwa mkupuo kwa sababu hajapiga hesabu hii, si kwa sababu gari halina hatua ndogo.

Kwa Beetle ya kutumia, si ya kubebwa kwenye trela, hukumu yangu ni hii: mbele 165/65R15 kwenye rimu ya 4.5 au 5, nyuma 185/65R15 kwenye rimu ya 5.5, kisha ishushwe milimita 30 mbele na 20 nyuma, si zaidi, mpaka uikanyagishe matuta ya njia yako ya kila siku. Kwa makadirio mbele itabaki na milimita 95 za tumbo, nyuma 118, mita ya mwendo itazidisha kwa asilimia 8, na saizi zote mbili zinabeba mzigo wake. Asiyetaka hesabu kabisa abaki na 165/80R15 pande zote. Bado zinatengenezwa.